Marekani: Ayala jike auawe mwezi gani? Mabishano yasiyoisha kati ya wawindaji na wataalamu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa, mamilioni ya Wamarekani wanashika pinde na bunduki na kuingia porini kutafuta ayala, mnyama ambaye wengi kwetu wanamjua kwa Zaburi ya 42 kuliko kwa macho. Juu ya dume hakuna makelele mengi: ana pembe, na kila mwindaji anamtaka. Makelele yako juu ya jike. Auawe ao aachwe azae? Na kama ni lazima auawe, je, ni mwezi wa kumi kabla hajapandwa, ao mwezi wa kwanza akiwa na mimba tayari?

Mtu aliyeko Beni ao Uvira anaweza kusema hayo ni mambo ya matajiri. Sivyo kabisa. Maelfu ya familia zilizotoka Kivu, Ituri na Tanganyika zinaishi leo Kentucky, Iowa, Texas na Michigan, katikati ya wanyama hao. Kampuni za bima za Marekani zinahesabu ajali zaidi ya milioni 1 kila mwaka kati ya magari na ayala, na mwezi mbaya kuliko yote ni wa kumi na moja, wakati madume wanafukuza majike usiku na mchana bila kuangalia barabara. Anayerudi kutoka kazi ya usiku Iowa anajua taa za gari zinapoangaza macho mawili pembeni ya shamba la mahindi maana yake ni nini.

Kutoka laki chache hadi milioni 30

Ayala mwenye mkia mweupe, ndiye anayezungumziwa hapa, alikuwa karibu kuisha. Kufikia mwaka wa 1900, uwindaji wa kuuza nyama na ngozi ulikuwa umebakiza ayala wasiofikia nusu milioni katika Marekani nzima. Mwaka huo huo bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoitwa Lacey, iliyokataza kusafirisha kutoka jimbo moja hadi lingine nyama ya pori iliyopatikana kinyume cha sheria. Mpaka leo, kuuza nyama ya ayala aliyewindwa porini ni kosa huko. Mwindaji anaweza kuila na jamaa yake, kuigawa ao kuitoa sadaka, lakini hawezi kuipeleka sokoni.

Majimbo yaliongeza kitu kingine: usiguse jike. Pennsylvania iliweka sheria ya kuua madume peke yao mwaka wa 1907, ikiwa tayari imeanza kununua ayala kutoka Michigan ili kujaza misitu yake iliyobaki mitupu. Wisconsin ilifuata mwaka wa 1915. Baba aliwafundisha watoto kwamba anayepiga jike ni mwizi wa kesho yao, na fundisho hilo liliingia katika damu.

Sheria ilifanya kazi, tena ilipita kipimo. Dume mmoja anaweza kupanda majike wengi, kwa hiyo kuua madume nusu hakupunguzi watoto wa mwaka unaofuata. Jike mzima aliyeshiba huzaa mapacha mara nyingi. Katika maeneo ya mashamba yenye chakula kingi, hata jike aliyezaliwa mwezi wa sita anaweza kupandwa kabla hajafikisha mwaka mmoja.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Michigan. Mwaka wa 1928 ayala 6, madume 2 na majike 4, waliingizwa ndani ya uzio wa hekta karibu 460, mahali panapoitwa George Reserve, ambapo baadaye palikuwa pa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwisho wa mwaka wa 1933 watu walijipanga mstari, wakapita uzio mzima wakihesabu. Walikuta ayala karibu 160.

Leo Marekani ina ayala kama milioni 30. Texas peke yake ina zaidi ya milioni 5.

Profesa aliyetukanwa

Wa kwanza kulipa bei ya kusema wazi kwamba jike naye auawe alikuwa Aldo Leopold, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka wa 1935 alikuwa amezunguka misitu ya Ujerumani na kuona miti michanga ikimalizwa na wanyama wanaofugwa kwa ajili ya bunduki. Aliporudi kwao alianza kuona dalili zile zile: kaskazini mwa Wisconsin, ayala walikuwa wamekula matawi yote ya chini, na kila baridi kali ilipofika watoto wao walikufa kwa njaa kwenye theluji.

Mwaka wa 1943 aliingia katika tume ya serikali ya jimbo inayosimamia wanyama na misitu. Mwaka huo tume ilikubali msimu wa vipande viwili: siku 4 za madume wenye pembe za matawi, kisha siku 4 za wasio na pembe. Ayala karibu 128,000 waliuawa. Wakaaji wa kaskazini walipoona miili ya majike na watoto imefungwa juu ya magari, hasira ilipanda. Watu waliuita msimu ule jinai ya 1943, na gazeti zima likaanza kuchapishwa kwa kusudi la kupinga siasa hiyo na kumshambulia Leopold. Mwaka wa 1944 jimbo lilirudi kwenye madume peke yao.

Leopold alikufa mwaka wa 1948 kwa moyo kusimama, akisaidia jirani kuzima moto wa majani. Hakuona Wisconsin ikirudia kuua majike, jambo ambalo lilifanyika mwaka uliofuata.

Kusema kweli, kosa la 1943 halikuwa katika hesabu. Wakulima na wawindaji waliambiwa kwamba msitu una njaa, lakini wao walikuwa wanaona ayala wakipita kila jioni nyuma ya nyumba. Hakuna aliyewachukua kwa wingi kuwaonyesha mizoga ya mwezi wa tatu.

Kwa nini mwezi unaangaliwa

Leo wataalamu karibu wote wanakubali kwamba majike lazima wapunguzwe mahali ayala wamezidi. Kilichobaki ni saa, na hapo kila upande una sababu zake.

Wanaotaka majike wauawe mapema, mwezi wa tisa na wa kumi, wanaanza na tumbo. Ayala mkubwa hula karibu kilo 3 za majani, machipukizi na mbegu kwa siku. Majani yakisha kukauka, pori la kaskazini haliotishi tena kitu mpaka mwezi wa nne. Kilichomo kwenye msitu mwezi wa kumi ndicho chakula cha wote mpaka baridi iishe. Jike aliyeuawa mwanzoni mwa mwezi wa kumi badala ya katikati ya mwezi wa kwanza ameachia wenzake siku zaidi ya 100 za chakula. Hata tukipunguza kwa sababu ayala hula kidogo baridi inapokaza, hizo ni kilo zaidi ya 200 kwa mnyama mmoja. Ukiua majike 30 kwenye shamba moja, tofauti unaiona kwenye miti.

Sababu ya pili ni ya kupandana. Kaskazini na katikati ya Marekani, majike wengi hupandwa karibu na katikati ya mwezi wa kumi na moja. Jike hukubali dume kwa muda wa siku moja hivi. Asipopandwa, hurudia baada ya siku 28 hivi. Pale ambapo majike ni wengi mno kuliko madume, wengine hukosa dume mwezi wa kumi na moja, wakapandwa mwezi wa kumi na mbili ao hata wa kwanza. Mimba yao ni ya siku 200. Piga hesabu: wenzao wanazaa mwisho wa mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa sita, wao wanazaa mwezi wa saba ao wa nane. Mtoto huyo wa nyuma anakutana na theluji akiwa bado mdogo. Tena watoto wakizaliwa wote kwa mara moja, mbweha wakubwa wa huko wanaoitwa koyote na dubu hawawezi kuwamaliza. Wakizaliwa mmoja mmoja kwa miezi mitatu, adui ana meza iliyoandaliwa kila siku. Madume nao, wakifukuza majike kwa miezi mitatu badala ya mmoja, wanaingia baridi wakiwa mifupa.

Sababu ya tatu ni ya macho, na pengine ndiyo yenye uzito kwa mwindaji wa kawaida. Kibali cha mnyama asiye na pembe hakisomi jinsia. Dume aliyezaliwa mwaka huo hana pembe za kuonekana. Ana vinundu viwili tu chini ya ngozi ya kichwa. Mwezi wa kumi bado ni mdogo kando ya mama yake, unamtambua. Mwezi wa kumi na mbili, kwenye inchi ya mahindi na soya, amenenepa, na anayepiga akiwa mbali anadhani amepiga jike. Wazee wa kazi wana kanuni: usipige asiye na pembe aliyesimama peke yake, ngoja wawe wawili ao watatu, uwapime kwa macho. Kanuni hiyo ni ya maana kwa sababu dume mchanga, ambaye hajajifunza woga, ndiye hutoka wa kwanza kwenye uwanja, peke yake. Mwezi wa kwanza kuna mtego mwingine: pembe za ayala si kama pembe za mbuzi, huanguka kila mwaka. Kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na mbili dume mkubwa anaweza kuwa tayari amezitupa. Unamkuta chini, unamgeuza, ni yule uliyekuwa unamlinda miaka mitatu.

Wanaotaka kungoja nao hawakosi la kusema. Texas mwezi wa kumi bado ni joto, na nyama isiyopata barafu haraka inaharibika kabla haijafika nyumbani. Ukianza kupiga majike mapema, ayala wote wanajifunza kutembea usiku, na dume uliyemvizia mwaka mzima hataonekana tena mchana. Na watoto? Wanaweza kuishi bila maziwa wakiwa na wiki 10 hivi, kwa hiyo aliyezaliwa mwanzo wa mwezi wa sita anajitegemea mwezi wa tisa unapofika. Utafiti uliofanywa Virginia na kuchapishwa mwaka wa 1992 ulionyesha kitu kilichowashangaza wengi: madume wachanga waliopoteza mama walibaki zaidi kwenye eneo walilozaliwa, lakini wenye mama walikuwa wanafukuzwa naye na kwenda mbali. Kwa mwenye shamba anayetaka madume wazeeke kwake, habari hiyo si mbaya.

Lakini kinachowachoma watu zaidi ni mimba. Anayepasua jike mwezi wa kwanza anakuta vitoto viwili tumboni, vyenye kwato na midomo, na wengi hurudi nyumbani kimya. Wataalamu hujibu kwa hesabu: jike aliyeuawa mwezi wa kumi na yule aliyeuawa mwezi wa kwanza, wote wawili hawatazaa mwezi wa sita. Idadi ya watoto ni ile ile, sifuri. Ni kweli, lakini jibu hilo halijawahi kumtuliza mtu mwenye kisu mkononi.

Kwa kazi ya utafiti, mimba hizo zina faida. Wataalamu hupima urefu wa mtoto aliyeko tumboni kwa rula maalumu, wakajua ana siku ngapi, na kutoka hapo wakajua mama alipandwa siku gani na angezaa lini. Kwa njia hiyo ndiyo walihakikisha kwamba kalenda moja haiwezi kutosha kwa Marekani nzima. Kusini mwa Florida ayala huanza kupandana mwezi wa saba. Sehemu kubwa ya Alabama hupandana mwezi wa kwanza, ndiyo maana msimu huko unaendelea mpaka tarehe 10 ya mwezi wa pili. Na ndani ya Alabama hiyo hiyo, msitu wa Bankhead uliojazwa ayala kutoka Michigan karibu miaka 100 iliyopita unaendelea kufuata saa ya Michigan, yaani mwezi wa kumi na moja. Wanyama walihama na kalenda yao.

Frigo ikijaa

Pennsylvania iliishi miaka mingi na utaratibu mmoja: wiki mbili za madume baada ya sikukuu ya shukrani, kisha siku 3 tu za majike mwezi wa kumi na mbili. Kufikia siku hizo tatu, wengi walikuwa wamerudi kazini, wamechoka, ao wamepata dume lao. Mwaka wa 1999 ofisi ya wanyama ya jimbo ilimweka Gary Alt, mtaalamu wa dubu aliyependwa na watu, kuongoza kazi ya ayala. Alizunguka jimbo zima akionyesha picha za misitu ambayo chini yake hakukuwa na mti mchanga hata mmoja, ni majani ya feni peke yake, kwa sababu ayala hawayapendi. Mwaka wa 2001 msimu wa majike na wa madume viliunganishwa kwa wiki mbili, na wiki moja ya mwezi wa kumi ikawekwa kwa bunduki za kujazia baruti mdomoni, za wasio na pembe peke yao. Msimu wa 2002 ulifikisha ayala zaidi ya 500,000 waliouawa. Alt aliacha kazi mwisho wa mwaka wa 2004, katikati ya makelele ya wawindaji waliosema msitu umekuwa mtupu.

Wisconsin ilijaribu dawa kali zaidi. Kuanzia mwaka wa 1996, katika maeneo fulani, mwindaji hakuruhusiwa kupiga dume mpaka kwanza alete asiye na pembe. Hapo swali la saa lilijijibu lenyewe: kila mtu alitafuta jike siku ya kwanza. Idadi ya majike waliouawa ilipanda, na chuki nayo ikapanda. Anayemwacha dume wa maisha yake apite mbele ya macho kwa sababu hajapata jike hasahau. Mwaka wa 2011 wabunge wa jimbo waliifuta kanuni hiyo.

Chini ya mabishano hayo kuna jambo la kawaida ambalo mtu wa Congo anaweza kulielewa haraka akilitazama kinyume. Huku, mnyama wa pili ni pesa ya pili. Kule, kwa kuwa nyama haiuzwi, mnyama wa pili ni mzigo: frigo imejaa, na mchinjaji anataka alipwe. Wanaotaka majike wauawe mapema wanajua pia udhaifu huo. Anayesema nitapiga jike mwishoni, mara nyingi hampigi. Pennsylvania, Texas na majimbo mengine yana mashirika yanayopokea ayala, kuwasaga nyama na kuwapa maskini, ili mwindaji apate sababu ya kurudi porini.

Ugonjwa umeongeza haraka. Ule unaokausha mwili wa ayala na kuharibu ubongo, ulioonekana mara ya kwanza Colorado mwaka wa 1967, uligunduliwa Wisconsin mwaka wa 2002 na sasa uko katika majimbo zaidi ya 30. Hauna dawa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini wakuu wa afya wa Marekani wanaomba ayala wa maeneo hayo wapimwe kwanza, na mwenye ugonjwa asiliwe. Ndugu waliofika huko karibuni, wanaopewa mguu wa ayala na jirani mwenye roho nzuri, wanaweza kuuliza bila haya kama alipimwa.

Hesabu isiyohamia Ituri

Congo ina sheria yake ya uwindaji, namba 82-002 ya tarehe 28 ya mwezi wa tano 1982. Wenye kupenda kuchukua mifano ya ng'ambo wanaweza kufikiri kwamba ya Wisconsin inaweza kupandikizwa Mambasa. Mnyama mwenyewe anakataa. Mboloko, yule paa mdogo anayejaza vikapu vya nyama ya pori, anabeba mimba ya karibu siku 200 kama ayala, lakini anazaa mtoto mmoja tu, na msituni kwenye ikweta anaweza kuzaa mwezi wowote. Hakuna mwezi wa kumi na moja wa kungojea. Jike wake naye mara nyingi ana pembe, kwa hiyo hata mwindaji mwenye macho mazuri hajui anapiga nani. Na nyama nyingi haitoki kwenye bunduki, inatoka kwenye mitego ya waya. Marekani inatafuta namna ya kuua majike zaidi kwa sababu wamezidi. Ituri haina ziada hiyo.

Huko Wisconsin, tangu mwaka wa 2014 kila wilaya ina kamati yake ya wakaaji: wawindaji, wakulima, wenye misitu, watu wa barabara na wa utalii. Kazi ya kwanza ya kamati ni kuchagua neno moja kwa miaka mitatu, yaani ayala waongezwe, wabaki vile vile, ao wapunguzwe. Kisha kila mwaka, theluji inapoyeyuka, inakaa mbele ya watu na kupendekeza vibali vingapi vya wasio na pembe vitolewe, na kama wilaya ifungue siku za ziada baada ya sikukuu ya Noeli. Mikutano iko wazi kwa kila mkaaji.